Mtoto akinyamaza kwenye mvua, usimgombeze kwanza

Kijana wa miaka 15, siku nzima ya matope kando ya Ziwa Kivu, na baridi ambayo wazazi wengi hatuifikirii

Mzazi anayempeleka mtoto safari ya nje ya nchi huwa na orodha yake kichwani. Dawa ya malaria, maji ya kunywa, ajali za barabarani, simu iwe na chaji. Orodha hiyo naifahamu vizuri kwa sababu wasomaji wa ukurasa huu huniuliza mambo hayohayo kila likizo inapokaribia. Kuhusu baridi, sijawahi kuulizwa hata mara moja.

Sababu inaeleweka. Wengi wetu ni watu wa joto. Baridi tunaijua kama jambo la Makete na Njombe mwezi wa saba, na dawa yake ni sweta na chai ya tangawizi. Kwamba baridi inaweza kumlegeza mtoto mwenye afya njema, mchana kweupe, karibu kabisa na ikweta, ni jambo ambalo halimjii mtu akilini.

Desemba iliyopita nililiona likitokea nchini Rwanda, katika siku ya pili ya safari ya baiskeli za milimani. Tulikuwa watu 13: waendeshaji kumi kutoka Dar es Salaam, Arusha na Mwanza, waongozaji wawili Wanyarwanda, na dereva wa gari lililobeba mabegi yetu. Wengi wetu ni watu wazima tunaoendesha baiskeli mwisho wa wiki kwa ajili ya afya. Wawili walikuwa baba na mwanawe, kijana aliyetoka kufanya mitihani ya kidato cha tatu. Familia hiyo imekubali niandike habari yao kwa sharti la kutotaja majina, na baba mwenyewe aliniambia niandike yote, hata yasiyompendeza.

Wazo la safari lilikuwa la kijana. Septemba 2025 Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika, na yeye aliyafuatilia kwenye simu mpaka bando la baba likaisha. Baada ya hapo nyumbani hapakuwa na mazungumzo mengine.

Njia yenyewe

Tuliyokuwa tunaifuata inaitwa Congo Nile Trail. Ni kilomita 227 za barabara za udongo na vijia vinavyopita upande wa mashariki wa Ziwa Kivu, kutoka Rubavu, mji uliopakana na Goma, hadi Rusizi, ng'ambo ya Bukavu. Waendesha baiskeli wengi huimaliza kwa siku tano hivi. Jina limetokana na mgongo wa milima ulio juu ya ziwa: mvua inayonyesha upande mmoja wa mgongo huo huishia Mto Congo, ya upande wa pili huishia Mto Nile. Maji ya Kivu hutoka kwa Mto Rusizi na kuingia Ziwa Tanganyika, kwa hiyo huenda baadhi ya matone yaliyotulowesha yapo njiani kuelekea Kigoma.

Mtanzania akivuka Rusumo hukutana na mambo mawili ya kuzoea. La kwanza ni kuendesha upande wa kulia. La pili ni mifuko ya plastiki. Rwanda iliipiga marufuku tangu 2008, miaka 11 kabla yetu, na mizigo hukaguliwa. Nalitaja hili kwa sababu lina uhusiano na yaliyofuata: mifuko ile ambayo zamani kila mtu angefungia nguo zake kavu haikuwepo, na hakuna aliyekuwa ametuambia tubebe kitu kingine badala yake. Kampuni iliyotuandalia safari ilitutumia ujumbe mrefu wenye maelezo ya mafuta ya kujikinga na jua, glavu na kofia ngumu. Nguo kavu hazikutajwa. Zilikuwa kwenye mabegi, na mabegi yalikuwa kwenye gari, na gari lilikuwa linapita barabara ya lami huko juu.

Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, juu kidogo kuliko mji wa Arusha. Hapo ni chini kabisa. Kutoka ziwani njia hupanda, hushuka mpaka karibu na maji, hupanda tena, siku nzima hivyohivyo. Hewa hupoa kwa nyuzi sita hivi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na mtu aliyetoka Dar es Salaam juzi bado ana mwili wa Dar es Salaam.

Mvua ya huko nayo si mandhari ya kupiga picha. Usiku wa kuamkia Mei 3, 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 magharibi na kaskazini mwa Rwanda, na wilaya tulizokuwa tunapita, Rubavu, Rutsiro na Karongi, ni miongoni mwa zilizoumia sana. Muongozaji wetu mkuu ni mzaliwa wa milima hiyo. Akitazama wingu, hatazami kama mtalii.

Kupanda, kusimama, kushuka

Tuliondoka Kinunu saa moja na nusu asubuhi kwa saa za huko, manyunyu yakiwa yameshaanza. Kijana alikunywa chai, akala nusu ya chapati, akasema ameshiba. Baba yake hakumlazimisha, na sidhani kama kuna mzazi angefanya tofauti. Mtoto wa miaka 15 si wa chekechea. Alivaa fulana ya pamba, juu yake sweta la pamba lenye kofia, kisha jaketi jepesi la kuzuia upepo. Alipendeza.

Saa mbili za kwanza zilikuwa za kupanda. Udongo wa pale ni mwekundu na wa mfinyanzi. Ukilowa hunata kwenye tairi kama ugali kwenye mwiko, hujaa kati ya gurudumu na fremu, na baiskeli ikagoma. Unashuka, unakwangua kwa kijiti, unapanda, baada ya mita hamsini unashuka tena. Watoto wa vijiji walitukimbilia wakipiga kelele "Muraho!" na wengine walitusukuma mgongoni bila kuombwa. Wanaume waliovaa gambuti walitupita wakisukuma baiskeli zao zilizobeba mikungu ya ndizi na magunia ya viazi, baiskeli za gia moja, wakatusalimu kwa upole wa mtu anayemwona mgonjwa. Tulicheka sana asubuhi ile. Kijana alikuwa mbele, wa pili au wa tatu, jasho likimtoka.

Mtu anayepanda mlima kwa baiskeli hutengeneza joto jingi, hivyo hata akilowa hasikii baridi. Wakati huo nguo zinajaa jasho kwa ndani na mvua kwa nje. Pamba hunywa maji na kuyashikilia, na maji huondoa joto mwilini karibu mara 25 kuliko hewa iliyotulia. Ukiwa unafanya kazi, hasara hiyo inafidiwa. Shida inakuja unaposimama.

Tulisimamishwa na radi. Magharibi mwa Rwanda hupigwa sana na radi, na muongozaji alikuwa anahesabu kimya kimya tangu tulipoanza kusikia ngurumo. Mwanga ukimulika, unahesabu sekunde mpaka sauti ifike. Sauti huchukua kama sekunde tatu kusafiri kilomita moja. Hesabu ikiwa chini ya 30, radi iko karibu kiasi cha kukupata, na unatakiwa kuwa ndani ya jengo. Alipofika 20 alituamuru wote tuingie kwenye kituo cha kuoshea kahawa kilichokuwa jirani. Mmoja wetu alitaka kubaki chini ya mkaratusi na baiskeli yake ya gharama. Aliitwa kwa sauti ambayo hakuna aliyeitegemea kutoka kwa mtu mpole vile. Ndani tulitakiwa kukaa mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho, na ngurumo ya mwisho ilichelewa. Tulikaa karibu saa nzima.

Uamuzi ule ulikuwa sahihi, na ningeomba kila anayeongoza watoto wa shule milimani awe na ukali huohuo. Lakini saa nzima ya kusimama kwenye sakafu ya saruji, na nguo zimelowa chapachapa, ilikuwa ndefu kwa mtu asiye na mafuta mwilini. Sote tulitetemeka. Kijana alitetemeka kuliko wote, meno yakigongana, wenzake wakamtania na yeye akacheka. Aliyekuwa na karanga alizigawa. Kijana alisema hataki.

Mvua ilipopungua tukaanza kushuka. Ulikuwa mteremko mrefu kuelekea ziwani, nadhani dakika 25 za kukamata breki. Kwenye mteremko miguu haifanyi kazi, kwa hiyo joto halizalishwi, na ukishuka kwa kilomita 25 kwa saa unajitengenezea upepo wa kilomita 25 kwa saa unaopita kwenye nguo mbichi. Kama kuna mtu angetaka kubuni mashine ya kumpoza binadamu, asingehitaji zaidi ya hapo: mpandishe, mtoe jasho, msimamishe, kisha mshushe.

"Acha uvivu bwana"

Dalili zilianza kuonekana kama tabia mbaya.

Kijana aliyekuwa mbele asubuhi sasa alikuwa wa mwisho. Alianguka mahali ambapo hapakuwa na jiwe wala shimo. Akainuka, akaenda hatua chache, akaanguka tena. Baba yake alimngoja kwenye kona, akamuuliza kama ameumia, hakujibiwa. Akamuuliza tena. Kijana akasema kitu kama "niache," kwa sauti ya mtu anayeongea na uji mdomoni. Chupa yake ya maji ilikuwa imedondoka na hakuiokota.

Baba alikasirika. Alikuwa amechoka, amelowa, amelipia safari hii fedha nyingi kwa ajili ya mtoto huyu, na sasa mtoto anamnunia mbele ya watu. "Acha uvivu bwana," alisema. "Dada yule anaendesha, wewe mwanaume unashindwa?" Dada yule ni mimi. Nilikuwa nyuma yao kidogo na nilisikia kila kitu. Kijana hakujitetea. Alisimama akiangalia tairi la mbele.

Nilipofika karibu yake aliniambia, "Dada, naomba unifungie zipu." Zipu ilikuwa wazi hadi tumboni, na vidole vyake havikuweza kuishika. Vilikuwa vyeupe kwenye ncha, vimekakamaa. Nikampigia filimbi muongozaji wa nyuma.

Yule muongozaji hakuuliza kama kijana ana baridi. Baadaye aliniambia swali hilo halina maana, hasa kwa mvulana aliye mbele ya baba yake. Jibu huwa "hapana". Alimwambia aguse kidole kidogo kwa dole gumba la mkono uleule. Kijana alijaribu, akakosa, akajaribu tena, akaacha. Akamuuliza yuko darasa la ngapi. Lilipita kimya kirefu mno kabla ya jibu. Akamwambia atembee kwenye mstari wa tairi barabarani, kama polisi anavyompima mlevi, na akayumba kama mlevi kweli. Na jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliona: kutetemeka kulikuwa kunakatikakatika. Kunakuja kwa nguvu, kunapotea, kunarudi hafifu.

"Mzee," muongozaji alimwambia baba, "huyu haendi tena. Huyu anaumwa."

Hali hiyo kitaalamu huitwa haipothemia, yaani joto la ndani ya mwili kushuka chini ya nyuzi 35. Hatukuwa na njia ya kupima, na hata nyumbani usitegemee kipimajoto cha kioo, kwa kuwa vingi huanzia hapohapo kwenye 35. Kinachotazamwa ni mtu mwenyewe. Mwili unapopoa huondoa damu kwenye ngozi, mikono na miguu ili kulinda moyo na ubongo, ndiyo maana vidole hufa mapema na mtu akaanza kuangusha vitu. Kutetemeka ni kazi ya misuli inayojikaza na kulegea ili kuzalisha joto, na kazi hiyo hula sukari iliyohifadhiwa kwenye misuli na ini. Aliyekula nusu chapati na kupanda milima kwa saa mbili hana akiba ya kutosha. Ubongo nao ukipoa, mtu hubadilika tabia: analalamika, ananuna, ananyamaza, hataki kula, hajali chupa iliyodondoka. Anakosa hata akili ya kusema anaumwa. Na kutetemeka kukikoma ilhali bado amelowa na yuko kwenye baridi, usifikiri amezoea. Nguvu zimemwishia.

Watoto hupoa haraka kuliko watu wazima kwa sababu eneo la ngozi yao ni kubwa ukilinganisha na uzito, na kijana aliyerefuka ghafla bila kunenepa hayuko mbali na mtoto kwa hesabu hiyo. Lakini kwa maoni yangu hatari kubwa zaidi kwa wavulana wa umri huu ni heshima. Atavumilia mpaka aanguke kuliko kuonekana dhaifu mbele ya baba.

Kwenye jiko la mama mmoja

Mabegi yalikuwa mbali. Muongozaji alimpigia dereva, dereva akasema barabara ya kushukia kwetu imekuwa tope, gari haliwezi kupita, atakuja kwa miguu. Hiyo ingechukua muda.

Mita mia mbili mbele kulikuwa na nyumba ya bati yenye jiko la nje. Muongozaji alibisha hodi, akaeleza kwa Kinyarwanda kwa maneno yasiyozidi kumi, na mama mwenye nyumba akasogeza masufuria yake bila kuuliza swali. Jiko lilikuwa na moto wa kuni katikati na mlango ulio wazi.

Kilichofuata kilikuwa cha haraka na hakikuwa na aibu. Kijana alivuliwa kila kitu kilicholowa, hadi soksi. Akakaushwa kwa kitenge. Chini pakawekwa mkeka na gunia, maana ardhi baridi nayo hunyonya joto. Mama akaleta blanketi mbili. Kisha muongozaji akamgeukia baba akamwambia avue shati.

Baba hakuelewa mara moja. "Wewe ndiye jiko," muongozaji alimwambia. "Kaa nyuma yake, mkumbatie, tuwafunike wote wawili." Ni njia inayotumika duniani kote pale pasipo na kifaa: kifua kikavu chenye joto kwenye mgongo wa aliyepoa, ndani ya blanketi moja. Akina mama waliojifungua watoto njiti katika hospitali zetu wanaijua kwa jina la kangaroo. Mhandisi wa miaka arobaini na kitu, mwenye kitambi kidogo na saa ghali mkononi, alikaa kwenye gunia kifua wazi akamkumbatia mwanawe aliyemzidi urefu. Hakusema neno. Sisi wengine tukatoka nje kwa zamu tukijifanya tunasafisha minyororo ya baiskeli.

Mambo matatu yalikataliwa mle jikoni, na nayaandika kwa kuwa yote matatu ni ya kawaida kwetu. Mwenzetu mmoja alitoa kichupa cha pombe kali. Pombe hufungua mishipa ya ngozi, mtu akahisi joto huku joto lenyewe likimtoka, kwa hiyo kichupa kilirudi mfukoni. Mwingine alianza kumsugua kijana miguu kwa nguvu, akazuiwa: ngozi iliyokufa ganzi huchubuka bila mwenyewe kujua, na mtu aliyepoa sana hatakiwi kutikiswatikiswa kwa sababu moyo wake unaweza kuvuruga mapigo. Anashikwa taratibu, kama yai. Kwa sababu hiyohiyo ya ganzi, miguu haikusogezwa kwenye moto.

La tatu ndilo zito zaidi. Mwenzetu alipendekeza tuingie chumba cha ndani, tufunge mlango usipite upepo, tuweke jiko la mkaa. Muongozaji alikataa katakata. Mkaa unaowaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi, haina harufu, haina rangi, na mtu hulala moja kwa moja. Mzazi wa Makete, Mbeya au Lushoto anayesoma hapa, nakuomba: jiko la mkaa lisilale chumbani na watoto, hata usiku uwe wa baridi kiasi gani.

Baada ya dakika kama ishirini kijana alianza kutetemeka tena, kwa nguvu kiasi kwamba blanketi lilicheza. Mimi niliogopa. Muongozaji alitabasamu kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mwili ulikuwa umeamka. Alipoweza kushika kikombe mwenyewe na kujibu bila kuvuta maneno, ndipo mama akampa uji wa mtama wa moto kiasi wenye sukari nyingi, kwao huitwa igikoma. Si kabla ya hapo, kwani aliyelegea akinyweshwa anaweza kupaliwa. Akanywa kikombe cha kwanza. Cha pili aliomba.

Dereva alitokea saa saba mchana, matope hadi magotini, begi kichwani. Alikuwa ametembea karibu saa nzima. Sijawahi kuona watu wazima wakishangilia soksi kavu namna ile.

Kijana alipandishwa taratibu hadi kwenye gari, akapelekwa Karongi, akapimwa kwenye kituo cha afya. Joto lilikuwa limesharudi sawa na aliruhusiwa jioni hiyohiyo. Muongozaji alituambia wazi kwamba kama kutetemeka kusingerudi, au kama angeendelea kuchanganyikiwa au kusinzia, asingesubiri dereva. Angewaita wanakijiji wambebe kwa machela hadi barabarani. Mama mwenye nyumba alikataa fedha tulizotaka kumpa. Mwishowe alikubali sukari na blanketi jipya, ambalo baba alilinunua Karongi na kulituma kesho yake.

Kwa mzazi asiye na baiskeli

Najua wengi wenu hamtapeleka watoto Kivu. Lakini safari za shule huenda Marangu, ambako watoto hupandishwa kwa siku moja hadi Mandara, mita 2,720. Huenda Ngorongoro, ambako ukingo wa kreta uko takriban mita 2,300 na ukungu wa asubuhi hulowesha kama mvua. Huenda Lushoto. Mtoto huondoka Dar es Salaam alfajiri na fulana ya shule na sweta la pamba, amekosa hamu ya kula kwa furaha ya safari. Ni nusu chapati ileile.

Kabla ya kulipa, muulize mwalimu au mwandaaji swali moja: mvua ikinyesha, nguo kavu za mwanangu zitakuwa wapi? Jibu likiwa "kwenye basi," hilo halitoshi. Ziwe mgongoni mwake, hata fulana moja, soksi na sweta la sufi au la nyuzi za plastiki ambalo likilowa halinyonyi maji kama pamba, vyote ndani ya mfuko mzito usiopitisha maji. Mfuko wa plastiki wa kubebea bidhaa tumeshauaga tangu Juni 2019, lakini mifuko ya turubai inayofungwa kwa kukunjwa mdomo ipo madukani, na mafundi cherehani wanaoshona maturubai wanaweza kukutengenezea. Koti la mvua livaliwe kabla ya kulowa. Na kitu kitamu kiwe mfukoni, kiliwe hata kama mtoto hana njaa.

Usiku ule Karongi muongozaji alituketisha akabadilisha utaratibu. Kuanzia kesho yake kila mtu angebeba nguo zake kavu. Kila saa moja tungesimama kula, njaa iwepo isiwepo, na kila mtu angekuwa na mwenzake wa kumtazama usoni. Kabla ya mteremko wowote mrefu tungevaa jaketi kavu juu, si baada ya kufika chini. Wawili kati yetu walinung'unika kwamba tutachelewa. Walinyamazishwa na wenzao.

Kijana alipumzika siku ya tatu kwenye gari, na siku ya nne akapanda tena baiskeli. Baba yake alimtaka arudi nyumbani na walibishana kwa sauti ya chini wakati wa chai. Sikusikiliza, ila niliona nani alishinda. Mchana huo, kwenye milima ya Nyamasheke, mvua ilirudi. Si kubwa kama ya Rutsiro, lakini ya kutosha. Baba alipunguza mwendo mpaka wakawa sambamba.

"Una baridi?" alimuuliza.

"Ndiyo, baba. Mikono."

Tukasimama wote kumi chini ya baraza la duka, tukala ndizi, tukasubiri abadilishe fulana.